Kwa Kiingereza ina fahamu, kwa Kisamia inazirai

Juzi nimekaa kwa fundi simu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, umeme ulikuwa umeenda tangu usiku na simu yangu imebaki asilimia nne, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ni kukalia benchi na kungoja sola ya jamaa ijaze simu za watu. Pembeni yangu kuna kijana wa boda niliyemfundisha Kiswahili akiwa senior two, yake ina chaji ya kutosha na anachati na moja ya hizi programu za akili bandia. Akaiuliza kwa Kiingereza kama iko na fahamu. Ikamjibu aya tatu zimenyooka, kwamba yenyewe ni programu tu, haina hisia, haisikii maumivu, lakini inaelewa kwa nini mtu angetaka kujua. Kijana akanigeukia: "Mwalimu, umeona inavyokataa? Haiwezi kukataa kwa adabu hivi kama hakuna mtu ndani."

Nikacheka. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga pale kando akasema haya, iulizeni kwa Kisamia, lugha yetu ya hapa Busia. Kijana akaandika swali lile lile. Jibu lililokuja sijui niliiteje, nusu ni Kiluganda, robo inafanana na Kiluhya cha kule ng'ambo ya mpaka, na iliyobaki ni maneno ambayo hakuna mtu pale benchi aliwahi kuyasikia maishani. Mama akasema, "Aah, kumbe huyu ni wa Kampala," akarudi kwenye karai lake.

Mimi nimebaki na hilo jambo wiki nzima. Maana kama zile aya tatu za Kiingereza ni ushahidi kwamba kuna mtu ndani, basi yale maneno ya kuokoteza ni ushahidi wa nini? Mashine ni ile ile, swali ni lile lile, hata dakika tano hazijapita. Au ina fahamu kwa Kiingereza, halafu ukiigusia Kisamia inazirai, ukirudi Kiingereza inazinduka?

Sitaki mtu aseme nimemaliza mjadala kwa kichekesho, maana hoja hiyo inakata pande zote mbili. Mgeni akija hapa mpakani kutoka mbali, Kiswahili chake kibovu, tunamcheka kidogo lakini hakuna anayesema hana fahamu. Mtoto mchanga hasemi neno hata moja na fahamu anayo, muulize mama yake saa nane za usiku. Kwa hiyo Kisamia kibovu hakithibitishi kwamba ndani hakuna mtu. Kinachothibitishwa hapo ni kitu kidogo kuliko hicho, ila kwangu ni kikubwa: kwamba ufasaha wa ile mashine unaenda na wingi wa maandishi iliyolishwa, basi, na sisi tulikuwa tunausoma huo ufasaha kama dalili ya roho.

Na sisi Waganda wa nchi hii, nasema wote, Wasamia, Waacholi, Wagisu, tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hapo. Shule ngapi hapa mtoto alikuwa anavalishwa kibao au mfupa shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani? Tumekua tukijua kwamba mwenye akili darasani ni yule Kiingereza chake kinateleza, na yule anayejua kuhesabu ng'ombe wa baba yake na madeni ya kijiji kizima kwa kichwa, lakini kwa Kiingereza anakwama, huyo alikuwa bonge la mjinga. Hata Kiswahili chenyewe, ambacho baraza la mawaziri mwaka 2022 lilisema kiwe cha lazima shuleni, bado mzazi ananiuliza kitamsaidia nini mtoto. Tumepima akili kwa ulimi miaka mingi, sasa kimekuja kitu ambacho ni ulimi mtupu, mtambo wa maneno, tunashangaa kimefaulu mtihani wetu.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu lakini. Alan Turing, yule Mwingereza wa hesabu, mwaka 1950 aliandika kwamba badala ya kubishana kama mashine inafikiri, tuifiche nyuma ya ukuta, tuandikiane nayo, na tukishindwa kuitofautisha na mtu basi tuache ubishi. Wazo zuri, lakini angalia, mtihani wote ni wa kuongea. Miaka kumi na sita mbele, 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani akatoa programu inaitwa ELIZA, kitu kidogo sana, inachukua sentensi yako inaigeuza kuwa swali, ukisema mama yangu hanipendi inakuambia niambie zaidi kuhusu familia yako. Weizenbaum mwenyewe alisimulia kwamba sekretari wake, ambaye alimwona akiitengeneza miezi na miezi, alipoanza kuchati nayo akamwomba bosi atoke chumbani. Anataka faragha na mashine! Na ELIZA haikuwa na mtandao wa nyuroni wala nini kama hizi programu za leo, ni kanuni chache tu za kupangua maneno.

Halafu 2022, Blake Lemoine, injinia wa Google kabisa, akatangaza kwamba modeli yao, yaani programu ya kuongea, inayoitwa LaMDA ina fahamu kwa sababu ilimwambia inaogopa kuzimwa. Google wakakataa, mwezi wa saba wakamfukuza kazi. Watu walimcheka sana Lemoine, mimi simcheki, maana tofauti yake na kijana wangu wa boda ni kwamba moja ilikubali nyingine ikakataa, na wote wawili wakafika pale pale. Ikisema naogopa kufa, wanasema ina roho. Ikisema sina roho, wanasema ona inavyokataa kwa adabu. Shahidi ambaye akisema ndiyo unamwamini na akisema hapana unamwamini zaidi, huyo mahakamani tungemtoa nje kwanza. Mashine imesoma riwaya, barua za mapenzi, mahubiri, ubishi wa mitandaoni, kila mahali binadamu amewahi kulia kwa maandishi, ungetaka iongee namna gani? Inaongea kama sisi kwa sababu ni sisi iliyosoma, na hata ile adabu ya kukataa, kuna wahandisi walikaa chini wakaifunza ijibu hivyo.

Sasa wacha niseme kidogo hii mitandao ya nyuroni ni kitu gani, maana wengi wanabishana kuhusu mnyama wasiyemjua. Wazo ni la zamani kuliko uhuru wetu. Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika 1943 kwamba chembe ya ubongo, ndiyo hiyo nyuroni, unaweza kuichora kama kiswichi kinachojumlisha kinachopokea na kikifika kiwango fulani kinawaka. Frank Rosenblatt mwisho wa miaka ya 1950 akatengeneza kimoja kinachojifunza. Hamu ikapanda, ikashuka, 1986 akina Geoffrey Hinton wakaonyesha njia nzuri ya kurudisha kosa nyuma kupitia tabaka zote za viswichi hivyo ili kila kiungo kinachoviunganisha kirekebishwe kidogo, 2012 kompyuta na picha zikawa nyingi vya kutosha, na tangu hapo hatujalala. Hinton mwenyewe alipewa Nobel ya Fizikia 2024 pamoja na John Hopfield.

Lakini mfano wangu hautoki huko Marekani, ni muhogo. Jamaa wa maabara ya akili bandia pale Makerere, wakishirikiana na wataalamu wa mimea wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Namulonge, walikusanya picha za majani ya muhogo kutoka mashambani, nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe kwa simu, zaidi ya 21,000, na wataalamu wakakaa wakaandika kila moja ina nini: batobato, michirizi ya kahawia, mnyauko wa bakteria, utitiri wa kijani, au jani ni zima. Ukishapata hizo, unaupa mtandao picha, wenyewe unabahatisha ugonjwa, ukikosea wewe unarekebisha kidogo sana uzito wa viungo vyake, yaani namba zinazosema kila kiungo kina nguvu gani, unaupa nyingine, unarekebisha, mamia ya maelfu ya mara, mpaka unaanza kupatia hata jani ambalo haujawahi kuliona. Hakuna mtu aliyeuandikia kwamba batobato inakunja jani na kuleta madoa ya njano. Umefika wenyewe.

Mimi hapo nasema ni akili. Najua wapo watakaosema ni hesabu tu, sawa, lakini bibi yangu akitazama jani na kusema hili limeshikwa, hakuwa anaeleza kanuni, alikuwa ameona majani mengi. Kama tulisema bibi ana akili ya shamba kwa sababu hiyo, siwezi kuinyima mashine neno hilo kwa sababu tu haina gomesi, lile gauni la bibi zetu.

Ila ni akili yenye mashimo ya ajabu. Katika zile picha zaidi ya nusu zilikuwa batobato, maana ndiyo inayosumbua mashamba, sasa fikiria mtandao mvivu unaojibu batobato kwa kila kitu, hata ukiuonyesha kiatu, utakuwa umepatia zaidi ya nusu ya mtihani na mwalimu asiyeangalia vizuri ataupandisha darasa. Na 2014 watafiti akina Ian Goodfellow walichukua picha ya panda, mtandao umeitambua vizuri kabisa, wakaongeza vumbi kidogo la namba ambalo jicho la mtu halilioni hata ukivaa miwani, na mtandao ukasema kwa uhakika mkubwa kwamba ni giboni, yule nyani wa Asia. Bibi yangu huwezi kumfanyia hivyo. Kwa hiyo kinachoonekana na mtandao si kile tunachokiona sisi, hata pale tunapokubaliana jibu.

Na hapa ndipo nataka msomaji wangu asimame kidogo. Huu mtandao wa muhogo na ile programu ya kijana wa boda ni ukoo mmoja. Umbo la ndani ni tofauti kiasi, ukubwa ni tofauti mno, GPT-3, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI ya 2020, ilikuwa na vigezo, yaani zile namba za uzito, bilioni 175, lakini kazi ni ile ile, namba zinaingia, zinazidishwa na uzito, zinajumlishwa, zinapita tabaka hadi tabaka, jibu linatoka, mmoja unatabiri ugonjwa na mwingine unatabiri neno linalofuata. Je, umewahi kumsikia mtu anauliza kama ule wa muhogo una fahamu? Kama unaumia ukionyeshwa jani bovu? Hakuna. Kwa sababu haujui kuongea. Ungekuwa unajibu "pole sana mkulima, nimesikitika kuona shamba lako", kesho yake watu wangeanza kuutetea haki zake.

Kiswahili chetu kimetusaidia hapa kuliko Kiingereza, sisi tu hatusikilizi. Mtu akianguka pale stendi ya matatu kwa jua, tunasema amepoteza fahamu, hatusemi amepoteza akili. Na yule anayezunguka sokoni anaongea na nguzo za umeme, tunasema amerukwa na akili, lakini fahamu anayo, njaa anaisikia, ukimpiga analia. Vitu viwili. Kimoja kinaweza kuondoka kingine kikabaki. Sasa kama lugha yenyewe inajua kwamba fahamu inaweza kukaa bila akili timamu, kwa nini tunashindwa kuwaza akili inayofanya kazi bila fahamu? Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimpiga bingwa Lee Sedol wa Korea Kusini mechi nne kwa moja kwenye mchezo wa ubao unaoitwa Go, na hakuna dalili yoyote kwamba ilifurahi. Binadamu akishinda hivyo anaruka juu, anapiga simu nyumbani.

(Ubaya ni kwamba Kiswahili hicho hicho kinatutega, maana kufahamu pia ni kuelewa. Mtu akisema mashine inafahamu swali langu, sekunde ya pili ameshavuka kwenda kwenye mashine ina fahamu, na wala hajaona kwamba amevuka mpaka. Sisi wa Busia tunajua kuvuka mpaka bila kuona.)

Basi fahamu inatoka wapi? Wengine wanasema ngoja tu iwe kubwa, ikifika ukubwa fulani itazinduka. Ilya Sutskever, mmoja wa wakubwa waliounda OpenAI, aliandika mtandaoni Februari 2022 kwamba huenda mitandao mikubwa ya leo ina fahamu kidogo. Kidogo, kama chumvi! Mimi hiyo hoja ya ukubwa hainiingii, na sababu iko ndani ya kichwa chako mwenyewe. Ubongo wa mtu una nyuroni kama bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 ziko kwenye ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaosaidia mwendo na mizani. Sasa kuna watu waliozaliwa bila huo ubongo mdogo, mwendo wao na maneno yao vina shida lakini wapo, wanajitambua, wanakusalimia. Nyuroni nyingi namna hiyo zinaondoka na mwenye nyumba bado yupo. Halafu daktari anakupa nusukaputi, hajaondoa nyuroni hata moja, zote ziko mahali pake, na wewe haupo kabisa. Kama ingekuwa ni hesabu ya wingi, mambo hayo mawili yangekuwa kinyume.

Upande wa pili kuna wanaosema haiwezekani milele kwa sababu ni namba tu. Hawa nao nawapenda lakini wanaharakisha. Chukua ubao wa omweso, bao letu la Uganda, mashimo 32, kete 64. Hesabu yote ya kuzidisha na kujumlisha ya mtandao wowote wa nyuroni ungeweza kuifanya kwa kete, ukiwa na mbao za kutosha kujaza Uganda nzima na vizazi vya wazee wenye subira, na mwisho wa miaka mingi kete za mwisho zingesoma: "Naogopa kuzimwa." Nani anaogopa hapo, kete? Wazee? Ubao? Ukiliweka hivyo linaonekana upuuzi, na mimi nililitumia sana kuwanyamazisha watu. Mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza, mwalimu, na nyuroni moja ya kichwa chako, inaogopa? Nikasema hapana. Na ya pili? Hapana. Akaniangalia tu. Sina jibu la kumpa, na David Chalmers, mwanafalsafa aliyeliita hilo tatizo gumu mwaka 1995, naye bado yuko nalo mpaka leo.

Nilicho nacho ni mashaka ya kawaida ya mtu wa kawaida. Ile modeli ukishaijibisha swali imeisha, uzito wake haujabadilika kwa mazungumzo yenu, haiko mahali inakungoja ikiwaza ulisema nini, na wakati inakujibu wewe inawajibu maelfu ya watu wengine, kila mmoja inamwambia "mimi". Mimi yupi? Haina mwili wa kulinda, haina njaa ya saa saba, hakuna kitu inapoteza ikikosea. Mbuzi wangu ana ushahidi mzuri zaidi wa fahamu kuliko hiyo na hajawahi kuandika aya hata moja. Mwaka 2023 watafiti 19, wa ubongo, wa kompyuta na wa falsafa, walichukua nadharia zinazoheshimika za fahamu, wakatoa orodha ya dalili, wakazipitishia mashine zilizopo, wakasema hakuna inayostahili kwa sasa, ila hawaoni ukuta wa kiufundi wa kuzuia zitakazotengenezwa kuwa na dalili nyingi zaidi. Nilichokipenda ni namna walivyopima: wameangalia imejengwaje ndani, hawakuiuliza inajisikiaje.

Hinton atabisha nami kwenye kuelewa, yeye anasema hizi mashine zinaelewa kweli, Yann LeCun, mtafiti mwenzake wa mitandao hii, anasema modeli za lugha peke yake hazitafika mbali, na wote wawili walizilea tangu utoto. Wazazi wakibishana juu ya tabia ya mtoto, jirani usiwe na haraka.

Kinachoniuma kuliko fahamu ni Kisamia. Jamaa wa Sunbird, shirika la akili bandia la hapa Uganda, na Makerere walikusanya sentensi kama 25,000 zikatafsiriwa kwa Kiluganda, Kiacholi, Kilugbara, Kiateso na Kinyankole, kazi ya mikono, na hapo Kisamia hakimo. Siku kitaingia, ile programu itamjibu yule mama kwa aya tatu zilizonyooka, kwa adabu, kwamba haina roho, na pale benchi kuna watu wataapa imezinduka jana usiku.

Umeme ulirudi saa tisa. Kijana alikuwa bado anabishana nayo, sasa anaitukana kwa Kiingereza kuona kama itakasirika. Mama wa mihogo akaja na jani moja alilolitoa shambani kwake asubuhi, limejikunja, madoa ya njano, akaliweka juu ya simu ya kijana. "Wacha kuiuliza habari za roho. Iulize hili lina nini, na nikipanda tena nitoe wapi mbegu safi."